Sabufa, saundibaa au risiva ya mtumba: anza na soketi, wati baadaye

Mtu akiingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta sauti ya sebuleni, swali la kwanza linamtoka kabla hata salamu hazijaisha: "Hii ina wati ngapi?" Muuzaji naye hana hiyana, anamtajia elfu kumi na mbili, na biashara inaanzia hapo. Silikatai swali la wati, ila lisubiri foleni, maana mbele yake kuna mengine matatu: mashine hii ilitengenezwa kwa umeme wa nchi gani, nyumbani itakaa wapi, na itafungwa na spika zipi. Mashine nyingi zinazoungua sebuleni kwetu zinaungua kwa sababu ya hayo matatu.

Hapa nalinganisha vitu vinavyogombania pesa ile ile. Sabufa ni lile boksi la mdundo lenye vispika viwili hadi vitano, amplifaya yake ikiwa ndani ya boksi humo humo. Saundibaa ni ile spika ndefu inayolala chini ya televisheni, mara nyingine ikiwa na boksi lake la besi lisilo na waya. Risiva ni mashine peke yake, pana na nzito, isiyo na spika hata moja. Mgongoni imejaa matundu, na ni wewe unayeitafutia spika, televisheni, king'amuzi na vingine vyote. (Siizungumzii risiva ya dishi.) Risiva mpya dukani bei yake si ya mchezo, ndiyo maana wengi wanaoitaka wanaishia kwenye mtumba kutoka Japani, Ulaya, Marekani au Ghuba. Na humo kwenye mtumba ndimo kuna raha kubwa na hatari kubwa kwa pamoja.

Kibandiko cha mbele na kibandiko cha nyuma

Tulimalize hili la wati kwanza, kwa kuwa ni fupi. Zile elfu kumi na mbili zilizoandikwa kwa herufi za dhahabu huitwa PMPO, na hazina kipimo chochote ambacho watengenezaji wamekubaliana. Geuza boksi. Nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo kisicho na mbwembwe: 220–240V, 50Hz, 60W. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kuzisukumia spika wati elfu kumi na mbili, zitoke wapi? Chukua namba ya nyuma, punguza kidogo, hapo ndipo ilipo nguvu unayoweza kuitegemea kwa muziki wa mfululizo. Marekani watengenezaji walitiana chumvi kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ikaweka kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani.

Risiva nazo hazijatakasika. Utaona mbele wati 100 mara chaneli 7 (yaani njia saba za spika), lakini nyuma imeandikwa 400W. Wati 100 ni za kweli chaneli mbili zikipigwa peke yake. Zote saba kwa mpigo hazifiki huko. Hata hivyo, risiva ya wati 50 za kweli kwa kila chaneli itaijaza sebule ya kawaida ya Kinondoni au Buruburu na majirani wakajua timu yako imefunga.

Kwa hiyo kwenye wati, sabufa inashinda kwa maandishi, risiva inashinda kwa sauti, na saundibaa iko katikati.

Umeme wa kwao na umeme wa kwetu

Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya na Uganda 240, wote hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Sabufa inayouzwa mpya hapa imetengenezwa kwa umeme huo, na saundibaa nyingi zina adapta inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo hazichagui nchi. Soma tu kibandiko, ukiona 100–240V umeshamaliza.

Risiva ni habari nyingine. Ndani yake kuna transfoma kubwa ya chuma na shaba, ndiyo inayoipa ule uzito, na kwa kawaida imezungushiwa waya kwa volti za soko moja tu. Hili jedwali dogo lina thamani kuliko brosha nzima:

| Risiva imetoka | Kibandiko cha nyuma | Ikifika kwetu |
|---|---|---|
| Uingereza, Ulaya | 230V, 50Hz | Ya Uingereza plagi yake ni ya pini tatu kama yetu; ya Ulaya badili plagi au tumia adapta nzuri, washa |
| Oman, Falme za Kiarabu | 220–240V, 50Hz | Plagi nayo kwa kawaida ni ya pini tatu kama yetu |
| Japani | 100V, 50/60Hz | Lazima transfoma ya kushusha |
| Marekani | 120V, 60Hz | Lazima transfoma ya kushusha, na bado inapata joto zaidi |

Ya Japani ndiyo inayovutia kuliko zote: safi, imetunzwa, bei nzuri. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu umeipa mara mbili na zaidi ya volti inazozijua. Ukiwa na bahati fyuzi ya ndani inakatika. Usipokuwa nayo, transfoma inaungua, kapasita (vile vikopo vinavyotunza chaji) zinavimba na kutema, na chumba kizima kinanuka. Kuna matoleo ya zamani yenye kiswichi cha kuchagua volti mgongoni; ukikiona, hakikisha kimewekwa 220 au 240 kabla ya kuchomeka. Usipokiona, usiamini maneno ya "hii inapiga kote kote".

Transfoma ya kushusha zinauzwa, lakini zina mambo yake. Kwanza ukubwa: ukiona 400W nyuma ya risiva, usinunue transfoma ya 300 kwa kuwa ni rahisi. Nenda kwenye 600 hadi 800. Pili, nyingi za bei ndogo zina mzingo mmoja wa waya unaotumiwa na pande zote mbili, upande wa ukutani na upande wa mashine. Mzingo huo ukikatika sehemu fulani, upande wa volti 100 unaweza kupokea 230 zote bila kizuizi. Zenye mizingo miwili iliyotenganishwa ni nzito zaidi, zinauzwa ghali zaidi, na kwa risiva unayoipenda ni halali yake. Tatu, transfoma inakula umeme na kupata moto hata risiva ikiwa imezimwa kwa rimoti. Izime ukutani usiku.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalifanya kwa nia njema na mimi nalipinga: kukata ile plagi ya Kijapani yenye vibapa viwili na kufunga ya pini tatu "ili iingie vizuri". Ile plagi ndiyo ulinzi wako wa mwisho! Maadamu ipo, mgeni, mtoto, au shemeji aliyekuja kufanya usafi akihamisha meza hawezi kuichomeka ukutani kirahisi. Ukiifungia pini tatu, siku moja lazima mtu ataiweka kwenye soketi ya karibu. Iache, na kwenye waya karibu na plagi zungushia plasta nyeupe, uandike kwa kalamu ya wino mzito: VOLTI 100 TU.

Ya Marekani ina tatizo la nyongeza. Transfoma yake ilipangiwa hezi 60, kwetu ni 50, na kifaa cha kushusha volti hakibadilishi hezi. Chuma cha ndani kinabeba mzigo zaidi na kinachemka. Risiva ya Japani haina shida hiyo, kwa kuwa Japani yenyewe ina umeme wa aina mbili, upande wa Tokyo hezi 50 na upande wa Osaka hezi 60, basi mashine zao zinatengenezwa kuvumilia zote. Lakini redio yake ya FM inaanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa za karibuni; stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hutazipata. Kama mzee nyumbani anataka taarifa ya habari kwenye FM, mwambie mapema.

Hukumu yangu kwenye umeme: sabufa na saundibaa hazina maswali. Kati ya mitumba, ya Uingereza, Ulaya au Ghuba inashinda ya Japani hata ikiwa imechakaa kidogo zaidi, na ya Marekani iwe ya mwisho kabisa.

Kalamu kwenye tundu la ethi

Kila mtu ameona hii, na wengi tumeifanya. Plagi ni ya pini mbili za duara, soketi ni ya matundu matatu. Mtu anachukua kifuniko cha kalamu, anakisukuma kwenye tundu la juu, vile vizuizi vya ndani vinafunguka, anashindilia plagi. Inawaka. Kwa chaja ya simu kwa dakika kumi labda utasalimika. Kwa risiva inayofanya kazi kwa muda wa saa tano kila jioni ni tofauti, kwa sababu pini ya duara ndani ya tundu la bapa inagusa kidogo sana. Hapo penye mguso mdogo ndipo panapopata moto. Ukisikia cheche zinalia "tsss" au ukaona soketi imekuwa ya kahawia pembeni, umeshachelewa kidogo. Isitoshe plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, ya pini mbili haina.

Adapta nzuri yenye fyuzi ni pesa ndogo. Au fundi akate plagi ya Ulaya (hiyo ni volti 230, haina shida) afunge ya pini tatu. Kama waya wa mashine ni mwembamba, fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno, kwani waya unaweza kuyeyuka kabla haijakatika. Weka ya 3 au ya 5. Angalia pia alama nyuma ya mashine. Miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana yake haihitaji ethi, pini mbili zinatosha. Kama waya wake una nyuzi tatu, basi ethi ni lazima, na nyumba yenyewe iwe na ethi ya kweli ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina tundu la ethi tu, waya haupo. Fundi umeme mwenye kipimo atakwambia kwa dakika chache.

Na zile ekstensheni zenye matundu yanayokubali plagi za dunia nzima? Zinakubali zote na hazishiki hata moja vizuri. Usizipe risiva.

Omu: hapa sabufa inashinda kwa amani ya moyo

Sabufa imeoanishwa na spika zake kiwandani. Saundibaa hata haikupi nafasi ya kukosea. Risiva inakuachia kila kitu, pamoja na uwezo wa kuiua.

Nyuma ya risiva, juu ya matundu ya spika, imeandikwa kitu kama 6–16Ω. Hizo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme usipite, na maana yake usiifungie spika yenye omu chini ya 6. Spika ikiwa na omu ndogo inavuta mkondo mkubwa zaidi, na risiva inachemka. Kosa linalorudiwa kila siku ni hili: mtu ana vispika vilivyobaki kwenye seti ya zamani ya hom thieta ya boksi moja, anavifunga kwenye risiva ya mtumba. Vispika vile mara nyingi ni vya omu 3 au 4. Kwa sauti ya chini vitaimba vizuri tu. Siku ya sherehe, risiva itazima katikati ya wimbo.

La pili ni kufunga spika mbili kwenye tundu moja ili kupeleka sauti barazani. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2, na hapo hakuna risiva ya nyumbani itakayokuvumilia. Nyingi zina matundu ya A na B kwa kazi hii. Soma kilichoandikwa hapo, kwa kawaida kinadai spika zenye omu kubwa zaidi ukitumia zote mbili pamoja.

Ukinunua spika za mtumba zisizo na kibandiko, multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, inakusaidia. Weka kwenye omu, gusa matundu mawili ya spika ikiwa haijaunganishwa popote. Ya omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 7. Ya omu 4 itasoma 3 na ushei. Ikisoma sifuri ina shoti ndani, ukiifunga kwenye risiva unaweza kuiua risiva. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Kisha waya. Tumia shaba tupu ya nyuzi nyingi, milimita 1.5 za mraba kwa sebule ya kawaida, 2.5 kama waya unavuka nyumba au spika ni za omu 4. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, mwepesi, unavunjika ukiukunja mara chache. Ukwangue kidogo kwa wembe, ukiona weupe, urudishe. Sasa fanya hivi: menya sentimita moja tu ya mwisho, sokota nyuzi kwa vidole hadi ziwe kama uzi mmoja mgumu, ingiza, kaza. Halafu washa tochi ya simu uchungulie. Unyuzi mmoja uliochomoza na kugusa tundu la jirani ni shoti, na risiva ikiwashwa itatoa mlio wa "tik", itaandika PROTECT, na kuzima. Hiyo ni risiva yenye akili ikijiokoa. Usiiwashe tena na tena kuilazimisha. Chomoa ukutani, kagua waya zote.

Kazi hii yote inafanyika mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Na kifuniko cha juu usikifungue, hata kama ulishasoma somo la umeme shuleni: kapasita zake kubwa zinabaki na chaji baada ya plagi kutoka.

Kitambaa cha kufuma

Risiva inatoa joto. Amplifaya za aina yake hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama moto, ndiyo maana juu kuna matundu mengi. Na sisi tuna desturi yetu: mashine ikishakaa kabatini, mama anaitandikia kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa king'amuzi, juu ya king'amuzi ua la plastiki. Pamependeza kweli. Risiva chini inapumulia puani mwa king'amuzi, na vyote viwili vinapikana.

Iachie sentimita 10 hadi 15 juu na nafasi kidogo pembeni, na kabati lisiwe na mlango wa kioo unaofungwa ikiwa inafanya kazi. Kama kabati halina nafasi hiyo na hutaki kununua jingine, hapo uamuzi umeshafanyika: chukua saundibaa. Amplifaya zake ni za kizazi kingine, zinapoteza umeme kidogo, na inaishi vizuri mahali ambapo risiva ingekosa hewa. Sabufa nyingi za siku hizi nazo hivyo hivyo, ilimradi mgongo wake usibanwe ukutani.

Wanaoishi pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, wana mawili zaidi. Hewa ya chumvi inatia kutu kwenye matundu ya spika na swichi, sauti inaanza kukwaruza ukigusa kitufe. Na mijusi na mende wanapenda pale penye joto. Mjusi akikatiza juu ya sakiti yenye umeme, anakufa yeye na mashine. Usizibe matundu kwa sababu yao. Weka risiva juu, mbali na makombo ya chakula, na kila baada ya miezi kadhaa ichomoe, ipulize vumbi kwa brashi laini.

Kuunganisha na televisheni

Saundibaa inashinda hapa bila ubishi: kebo moja ya HDMI kutoka tundu lenye neno ARC kwenye televisheni, basi. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo televisheni ya miaka ya karibuni inayo.

Risiva ya mtumba yenye umri mkubwa haina ARC, au HDMI yake haipitishi picha za kisasa za 4K. Wengi wanaikataa kwa sababu hiyo, na wanakosea. Chomeka king'amuzi na vingine vyote kwenye televisheni moja kwa moja, kisha toa sauti peke yake kutoka televisheni kwenda risiva kwa kebo ya mwanga, ile nyembamba inayotoa taa nyekundu ukichungulia ncha. Inabeba sauti ya Dolby Digital ya 5.1 (spika tano na boksi moja la besi) bila shida, na kwa sinema na mpira wa nyumbani hiyo inatosha. Sauti ya Atmos inayoshuka toka darini ndiyo utaikosa. Hiyo ilianza kuingia kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014.

Kebo ya mwanga ina faida nyingine. Haipitishi umeme, kwa hiyo ule mngurumo wa "mmmm" unaokuja kupitia waya wa dishi au antena haupandi kwenye spika. Watu hukata pini ya ethi kuuondoa mngurumo huo. Sauti inatulia na mtu anabaki hana kinga.

Umeme ukikatika, na ukirudi

Ukirudi ndipo kuna kazi. Mara nyingi unarudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi. Kifaa kinachokufaa ni gadi, kile kinachokaa kati ya plagi na soketi, kinachokata volti zikipanda au kushuka mno na kusubiri hadi zitulie ndipo kiruhusu. Ya ampea 5 inatosha risiva na televisheni pamoja. Kama volti za mtaani kwako ziko chini muda wote, taa zinafifia kila jioni, gadi itakuwa inakukatia tu. Hapo unahitaji stabilaiza ya kuzipandisha. Kwa sabufa ya bei ndogo sioni sababu ya stabilaiza, itakugharimu karibu na sabufa yenyewe.

Wenye sola: inveta za bei rahisi zinatoa umeme wa mawimbi yaliyokatwakatwa, na transfoma ya risiva inaunguruma na kuchemka juu yake. Ukitumia sola, ama inveta iwe ya mawimbi laini, ama ubaki na saundibaa.

Radi ni jambo jingine kabisa, na watu wa Mwanza, Bukoba, Kisumu na Kampala hawahitaji kuelezwa. Gadi haiwezi kuahidi kuizuia. Chomoa plagi ukutani na chomoa pia waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi, kwa sababu radi ina njia mbili za kuingia na watu wanafunga moja. Fanya hivyo wingu likianza kutanda. Radi ikishafika juu ya bati, usiguse waya wowote.

Kwa hiyo nani achukue nini

Chumba kimoja cha kupanga, soketi moja, watoto wadogo wanaotambaa: saundibaa. Haina waya wa kuvutwa, haina spika ndefu ya kumwangukia mtu. Kama pesa haifiki, sabufa ndogo ya boksi, ila uiweke chini sakafuni, vispika vyake visining'inie ukingoni mwa kabati.

Mtu anayetaka mdundo wa singeli uani siku ya Jumapili, na hajali sana maneno ya kwenye sinema yanasikikaje: sabufa. Hapo sioni haya kuitetea, ila angalia tu zile spika ndogo zikianza kukwaruza punguza, maana amplifaya ndogo iliyofika mwisho ndiyo inayoua twita, kile kispika cha sauti nyembamba. Mtoto naye asiwekwe mbele yake. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto, na sherehe ya uani inapita hapo mapema.

Mwenye sebule yake, kabati lenye hewa, anayependa taarab isikike vinanda vyote na anayepanga kukaa na mashine miaka kumi: risiva ya mtumba ya volti 230, na spika mbili nzuri tu kwa kuanzia. Tano zitakuja baadaye. Spika mbili za maana zinashinda tano za plastiki kila siku ya wiki, na waya wa kukosea ni wachache. Risiva mpya ninaishauri kwa yule tu mwenye televisheni kubwa mpya na kifaa cha michezo ya video, anayetaka kila kitu kipite kwenye mashine moja.

Ukichagua mtumba, ukifika dukani soma kibandiko cha nyuma mwenyewe kabla ya kuuliza bei. Nusa matundu ya juu. Harufu ya kuungua haifichiki. Mwambie muuzaji afunge spika kwenye kila chaneli, si mbili za mbele tu, kisha zungusha sauti polepole kutoka sifuri usikilize kama inakwaruza. Jaribu tundu la kebo ya mwanga. Mwombe aiache ikipiga nusu saa wakati wewe unakunywa soda pale nje, kwa kuwa zenye ugonjwa wa kujizima huwa zinasubiri zipate joto ndipo zionyeshe tabia. Akikwambia umeme wa dukani ni wa kulipia, lipia. Akikataa kabisa, duka la pili lipo mlango unaofuata.